Pazia la Chumba cha Kompyuta

Wakulima walifika kwenye lango la Ushirika wa Maziwa wa Tuungane Jumatano asubuhi, tarehe kumi na tatu, wamevaa makoti ya kanisani na gambuti zilizooshwa. Wengine walitoka Kaplamai, wengine huko juu Endebess, na nyanya mmoja alikuja na kiti chake mwenyewe kichwani kwa sababu mwaka uliotangulia alisimama mkutano mzima. Walikuta uwanja mtupu. Hema hakuna, viti hakuna. Chai haikupikwa wala mkate haukukatwa, na sisi watu wa Kitale tunajua kwamba mkutano wa mwaka bila chai na mkate si mkutano, ni matusi.

Meneja, Bwana Mbugua, alitoka nje akifunga vifungo vya koti.

"Nani amewaita leo?"

"Si wewe!" wakamjibu kwa sauti moja. Karatasi zikapepea hewani. "Barua si hii? Sahihi si yako?"

Mbugua akaichukua barua moja, akaisoma, na shingo yake ikaanza kutokwa na jasho. Kwenye rasimu aliyompa mpiga chapa alikuwa ameandika kumi na nane kwa mkono wake. Hakupandisha sauti. Alimtuma mlinzi amwite mpiga chapa, na Phelista Wangila akatoka kwenye chumba cha kompyuta akitembea kwa soksi, viatu mkononi, akikunja macho kama mtu aliyetolewa ghalani.

"Mama Pauline, hebu wasomee hawa watu tarehe hapo."

Phelista akaishika karatasi. Akaisukuma mbali mpaka mkono ukanyooka, akairudisha karibu na pua, akaisukuma tena. Nyuma mtu akasema, "Ai, anainusa!" na kicheko kikazunguka uwanja.

"Kumi na nane," akasema Phelista.

Nyanya mwenye kiti akainyakua ile barua. Akaitazama kidogo tu. "Ni kumi na tatu, mwanangu," akamwambia, bila kumcheka hata kidogo. "Hata mimi naiona."

Hapo ndipo kila mtu alipojua, na Phelista akajua kwamba wamejua. Mbugua akamvuta kando, lakini si mbali vya kutosha. Waliokuwa mbele walisikia yote.

"Mimi siwezi kuaibika mara mbili. Ijumaa asubuhi, mimi na mwenyekiti tutakaa nyuma yako, upige ukurasa mmoja tukiona. Ukikosea, kiti ni cha yule kibarua, Chepkemoi. Sawa?"

"Sawa, Bwana Meneja."

Akavaa viatu vyake hapo hapo kwenye nyasi, mguu mmoja kwanza, mguu mwingine baadaye, watu wote wakimwangalia.

*

Ofisi ile haikuwa hivyo zamani. Muulize yeyote aliyefanya kazi Kitale kabla ya kompyuta kuingia, atakwambia. Chumba cha wapiga chapa kilikuwa upande wa magharibi, madirisha mawili makubwa, na siku isiyo na mawingu Mlima Elgon ulikuwa umeketi pale nje kana kwamba nao umeandikwa kazi. Taipureta tatu zilipiga kelele kutwa. Mstari ukiisha, kengele inalia ting! na gari la karatasi linarudishwa kwa mkono, krrr! Wakulima waliosubiri kwenye benchi walizizoea kelele zile mpaka wengine walisinzia nazo.

Na saa nne ilikuwa saa nne. Wangu, mama wa chai, alisukuma toroli lake kwenye korido, vikombe vikigongana, na hakuna barua duniani iliyokuwa muhimu kuliko chai ya Wangu. Phelista na mwenzake Nyaguthii walisimama dirishani na vikombe vyao, wakitazama nje, wakisengenya kidogo, wakicheka sana. Phelista alikuwa msichana wa Misikhu aliyesomea kupiga chapa Bungoma mjini, kwa mwalimu mkali aliyewafunika mikono kwa leso ili wasiangalie herufi. Vidole vilijua njia vyenyewe.

Kisha kompyuta zikaja. Aliyezileta alimwambia Mbugua kwamba adui wa kompyuta ni vumbi na jua, akapanda gari lake akaenda zake. Na Mbugua, aliyezinunua kwa jasho la wafugaji, akazilinda jinsi mtu anavyomlinda ng'ombe wa gredi. Viatu vikavuliwa mlangoni. Madirisha yakapigwa misumari. Chai ikapigwa marufuku mle ndani, isije ikamwagika, na kwa sababu mlango haukutakiwa kufunguliwa-funguliwa, wapiga chapa wakaambiwa watakunywa saa ya chakula. Halafu likatakiwa pazia.

Kazi ya pazia alipewa fundi Wangila, mume wake Phelista. Tusidanganyane, ile ilikuwa kazi safi. Kitambaa kizito cha rangi ya damu ya mzee, bitana mara mbili, kutoka dari hadi sakafu, mikunjo imenyooka. Watu walikuja kuiangalia. Meneja wa benki aliuliza ni nani aliyeshona. Wangila hakuwahi kupongezwa hivyo maishani. Kwa muda mrefu alipita njia ya ofisi hata pasipo na shughuli, aone tu pazia lake kutoka nje.

Ndani, wanawake watatu walikaa gizani mbele ya mianga mitatu. Kufikia saa tisa Phelista alikuwa na mchanga machoni na nyundo juu ya nyusi. Hakusema. Wakati ule neno lililotisha kila ofisi lilikuwa ni kupunguzwa, na walioanza kupunguzwa ni wale waliolalamika.

*

Jioni hiyo Wangila alikuwa kwenye cherehani yake barazani, pale Matisi walikopanga, akimsubiri Pauline atoke shule amtungie uzi. Ilikuwa desturi yao. "Utunge, ujifunze kazi," alimwambia binti yake kila siku, na Pauline, aliyekuwa kidato cha pili na hakutaka kabisa kuwa fundi, alitunga akinung'unika.

Phelista alipita bila salamu, akaingia ndani, akaketi kuchagua maharagwe. Wangila akamfuata.

"Mama Pauline, nimesikia mambo huko stendi. Ati wakulima wamekuja siku si yao?"

"Wamekuja."

"Ni nani alikosea?"

Phelista akaendelea kuchagua maharagwe kwa vidole, uso umegeukia ukuta.

"Ni mimi."

"Wewe? Bana, wewe hukosei. Hata hao wanajua."

"Sioni, Baba Pauline." Akaacha kuchagua. "Sioni! Nane naona tatu, tatu naona nane. Wewe si umekuwa ukiuma mawe kwa hii githeri mwezi mzima ukisema ni duka la Misheki linauza maharagwe mabaya? Si duka. Ni mimi. Nachagua kwa kupapasa. Ijumaa wananipima, na nikishindwa, kazi imeenda."

Wangila akakaa chini. Alifikiria kodi, alifikiria shule ya Pauline, na mara akaona aibu kwa kuyafikiria hayo kwanza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Ati naenda kuwa kama mama?"

Mama yake Phelista, Jentrix, alikuwa Misikhu, kipofu tangu Phelista akiwa darasa la saba. Phelista ndiye aliyemshika mkono kwenda kisimani na kanisani, ndiye aliyemwambia, "Mayi, inua mguu, kuna jiwe." Kila jioni sasa akitoka kwenye kile chumba, mwanga wa nje ukimchoma na nyumba za mtaa zikiungana, alihesabu ni miaka mingapi imebaki kabla Pauline hajamwambia maneno hayo hayo.

"Kesho tunaenda Lugulu, hospitali," akasema Wangila.

"Siendi. Nikiambiwa, nitakuwa nimeambiwa."

"Utaenda. Hata kama ni mimi nikubebe mgongoni hao watu wa Kamukuywa pale njiani wakicheka, utaenda."

Phelista akacheka huku akilia, na Pauline, aliyekuwa mlangoni na sindano yake, akageuka akarudi barazani kimyakimya.

*

Katika hospitali ya misheni ya Lugulu foleni ya macho ilikuwa chini ya mti, watu wamefunika jicho moja kwa kiganja, wakifanya mazoezi ya kusoma bango la chanjo ili wasiaibike ndani. Daktari wa macho alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye tochi ndogo shingoni. Alimwangalia Phelista muda mrefu. Alimtia dawa, akamwacha akae, akamwangalia tena. Wangila alisimama mlangoni akiizungusha kofia yake mikononi.

"Mama yako alipofuka kwa ugonjwa gani?"

"Walisema ni presha ya macho. Alikuja kuchelewa."

"Hiyo nimeitafuta kwako. Haipo."

Phelista akamsogelea kama asiyesikia vizuri.

"Haipo, mama. Macho yako ni mazima. Kila mwaka uje niangalie tena, kwa sababu ya mama yako, lakini leo haipo."

Basi Phelista akaangua kilio hapo kwenye kiti, kilio kikubwa kisicho na adabu, mpaka wale wa kwenye foleni wakadhani huyo masikini ameambiwa mabaya. Daktari akamngoja amalize.

"Sasa niambie. Kazi yako ni gani?"

"Napiga kompyuta."

"Chumba kiko aje?"

"Kiko na giza."

"Giza ya nini, mnalala?"

"Ni ya kuzuia vumbi. Kuna pazia."

"Pazia ya kawaida?"

"Nzito. Iko na bitana mara mbili."

"Ai! Huyo fundi alikuwa anafungia nani humo, wezi wa ng'ombe?"

Phelista akamtazama mumewe. Wangila alikuwa amegundua jambo la maana sana kwenye kamba za viatu vyake.

Daktari akaeleza taratibu. Mtu akikaa gizani akiukodolea mwanga, macho huchoka mara mbili, na tena husahau kupepesa, nayo yakikauka huchoma kama yametiwa mchanga. Chumba kiwe na mwanga, na mwanga huo utoke ubavuni, si mbele wala nyuma. Mara kwa mara ainuke, aangalie mbali. Na juu ya hayo, umri: mtu akivuka arobaini herufi za karibu humkimbia, na hiyo si laana, hata yeye daktari zimemkimbia. Akafungua sanduku, akamjaribisha miwani moja, ya pili, ya tatu. Kwa ile ya tatu Phelista alishika karatasi ya chanjo iliyokuwa mezani akaisoma yote, mpaka jina la mchapishaji chini kabisa.

"Zamani tulikuwa tunasimama saa nne," akasema, nusu akijiambia mwenyewe. "Tunakunywa chai dirishani."

"Basi rudini mnywe," akasema daktari.

Walipitia Misikhu kumwona mama. Jentrix alikuwa kwenye kigoda mlangoni, akipukuchua mahindi. Aliishika ile miwani, akapitisha vidole kwenye vioo na kwenye vipini vyake vya masikioni, akaivaa, wakacheka wote watatu.

"Na hao wa kazini wanajua macho yanakusumbua?"

"Niliwaficha, Mayi."

Jentrix akaivua miwani, akaipangusa kwa kanga ingawa haikuwa chafu. "Mimi pia nilificha. Nilijua nikisema, baba yako atanichukulia shamba ampe mke mdogo alime. Nilipanda mahindi msimu mzima nikihesabu hatua kwa mguu." Akamrudishia. "Shamba alinichukulia tu. Na macho yakaenda."

Jioni walitoka stendi kuelekea Matisi kwa miguu, Wangila akiwa hatua mbili mbele.

"Ile pazia nilishona kwa roho yangu yote," akasema.

"Najua."

"Mpaka watu wa benki waliulizia."

"Baba Pauline, hakuna mtu amekulaumu."

"Ndiyo maana inauma," akasema.

*

Ijumaa asubuhi walivua viatu wote mlangoni: Mbugua, mwenyekiti wa ushirika, Phelista, Nyaguthii, na Chepkemoi, yule msichana wa cheti cha kompyuta aliyeandikwa kibarua na kuahidiwa mengi. Soksi ya Mbugua ilikuwa imetoboka, na kidole gumba kilichungulia. Hakuna aliyethubutu kukiangalia, na kila mtu alikiangalia.

Phelista hakuketi.

"Bwana Meneja, kabla sijapiga, nina neno. Barua nilikosea mimi. Nilikuwa sioni, na nikanyamaza, na hilo ni kosa langu. Jana nimepimwa Lugulu. Macho yangu ni mazima, yanataka miwani, na hii hapa. Lakini daktari amesema hiki chumba kitatumaliza. Tufungue pazia."

"Tufungue?" Mbugua akamwangalia mwenyekiti, kisha kompyuta. "Na vumbi? Mama Pauline, usinitafutie visingizio. Chepkemoi anafanya kazi hapa hapa na haoni shida. Si ndiyo?"

Chepkemoi akainamisha kichwa. Kiti kilikuwa chake, alihitaji tu kusema ndiyo. Sisi wengine sijui tungefanya nini.

"Mimi hutokwa machozi kila jioni," akasema polepole. "Nilidhani ni kuwaza nyumbani."

"Ngai!" Nyaguthii akapiga kofi paja lake. "Kumbe na wewe? Mimi kichwa kinaniuma mpaka siwezi kuimba kwaya! Nimekula dawa za maumivu kama njugu, bwana yangu akidhani nimepata mimba uzeeni!"

Mwenyekiti, mfugaji mzee asiyependa maneno mengi, akacheka mpaka akashika ukuta. Mbugua peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika kingo za kompyuta ya karibu kwa mikono miwili.

"Zikiharibika, nani atawaeleza wakulima? Nyinyi? Mimi ndiye nilisimama mbele yao nikasema zitadumu!"

Na ukweli ni kwamba aliogopa. Phelista aliiona hofu ile, akaitambua, kwa sababu ni ile ile aliyolala nayo mwezi mzima.

Mlango ukabishwa hodi. Ni Wangila, miguu mitupu, makasi makubwa ya kazi mkononi na futi shingoni.

"Bwana Meneja, hii pazia niliishona mimi," akasema. "Nilishona kama ya kufukia mtu. Naomba niikate nusu, na bitana niitoe. Nusu nitaitundika chini izuie vumbi ya barabara, juu mwanga uingie. Sitaki malipo."

"Hiyo ni mali ya ushirika!"

"Ni mali ya ushirika. Lakini huyu ni mke wangu."

Mwenyekiti akakitazama kidole cha Mbugua, akalitazama pazia, akasema neno lake la kwanza asubuhi ile.

"Kata."

Makasi yakaingia. Wallahi, ukiwa umewahi kushona kitu kwa roho yako, utaelewa kwa nini Wangila alifumba macho kwenye ule mkato wa kwanza. Kitambaa kikaanguka sakafuni kwa kishindo laini, na mwanga ukaingia, vumbi likicheza ndani yake. Na pale nje, Mlima Elgon ulikuwa mahali pake, wa buluu, kilele kimevaa wingu dogo. Nyaguthii alisema, "Kumbe bado upo!"

"Haya, kaa," akasema Mbugua. Hakuwa amesahau. "Mwenyekiti atasema, wewe upige. Barua ya kuwaomba wakulima radhi."

Phelista akavaa miwani, akaweka vidole mahali pake. Mwenyekiti akaanza kusema, polepole, kisha haraka, kwa maana alikuwa na mengi ya kuomba radhi. Vidole vikaondoka. Baada ya mistari michache Phelista aliinua uso kutoka kwenye skrini, akautazama mlima, na vidole havikusimama.

"Angalia kompyuta!" Mbugua akamaka.

"Mwache," akasema Nyaguthii. "Alifundishwa na leso."

Karatasi ilipotoka, Mbugua aliisoma mara mbili akitafuta kosa. Kisha akampa Phelista aisome yeye mwenyewe, kwa sauti, na Phelista akaisoma akiwa ameishikilia kifuani kama mwanakwaya: mkutano utafanyika tarehe kumi na nane, Jumatatu, na chai itakuwepo.

"Jumatatu uje mapema," akasema Mbugua, akatoka kwenda kutafuta viatu vyake. Mlangoni akageuka. "Na mwambieni Wangu, saa nne. Lakini mnywe kwenye korido!"

Wengine nao wakamfuata, wakabaki wawili. Wangila aliketi sakafuni kupinda ukingo mpya wa pazia kwa mkono. Alilamba uzi, akaunyoosha, akaukosa tundu la sindano. Akalamba tena, akakosa tena. Akaangalia mlangoni, kana kwamba Pauline angetokea.

Phelista alimtazama. Yale "utunge, ujifunze kazi" ya kila jioni yakamjia yote kwa pamoja.

"Tangu lini?" akamuuliza.

Wangila akalamba uzi tena. Phelista akapiga magoti sakafuni, akaivua miwani yake, akamvalisha mumewe, akaiweka vizuri nyuma ya masikio. Uzi ukapita mara moja.

Wangila hakuangalia sindano tena. Alimwangalia mkewe, karibu kabisa, kwa mwanga ule wa dirishani ambao chumba kile hakikuwa nao tangu aje na pazia lake.

"We! Kumbe uko na mvi," akasema.

"Nazo ni nyingi. Shona."